Kodi za saba kwenye gitaa la stili la pedali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na mtu aliyekaa nyuma ya gitaa la stili, lile linalolazwa mbele ya mpigaji na kubadilishwa sauti kwa pedali za miguu na nyenzo za magoti, kwa miezi michache. Kodi za meja anazipata bila shida, na pedali A na B amezizoea, lakini akiambiwa "piga D7" anaanza kuhesabu freti kwa kidole. Kodi ninazozisema ni zile za muziki. Za serikali zina wataalamu wake. Majibu yote yanahusu mpangilio wa E9 wa nyuzi 10 (mpangilio ni noti ambazo nyuzi huwekewa), isipokuwa la mwisho. Mifano mingi iko kwenye ufunguo wa G, ambao nyumbani kwake ni freti ya 3. Ukitaka ufunguo mwingine, sogeza kila kitu kwa idadi ileile ya freti.

Kodi ya saba ni ipi hasa? Nimesikia watu wakiita "saba" vitu viwili tofauti.

Ni kweli, na mkanganyiko huo umewapotezea wengi muda. Kama umewahi kuimba kwa solfa, kodi ya meja ni do, mi, so. Ukiongeza ta, yaani ti iliyoshushwa nusu toni, unapata kodi ya saba ya kawaida: G7 ni G, B, D, F. Ukiongeza ti yenyewe bila kuishusha, unapata meja saba: G, B, D, F#. Ya kwanza ina wasiwasi, inataka kwenda mahali. Ya pili imetulia, unaweza hata kumalizia wimbo nayo.

Wasiwasi wa G7 unatoka kwenye noti mbili tu, B na F, ambazo kati yake kuna toni tatu kamili. B inataka kupanda hadi C, F inataka kushuka hadi E, na zikifika huko umeshaingia kwenye kodi ya C. Zikariri noti hizo mbili, ya tatu na ya saba, maana karibu kila jibu hapa chini linarudi kwao.

Kabla ya kuendelea, nyuzi na pedali zangu zinapaswa kuwa vipi?

Kuanzia uzi wa 1, ulio mbali nawe, hadi wa 10 ulio karibu na tumbo lako: F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B. Angalia kwamba nyuzi za 1 na 2 ziko chini kwa sauti kuliko wa 3, ingawa zimekaa mbele yake. Uzi wa 3 ndio wenye sauti ya juu kuliko zote.

Pedali A inapandisha B hadi C# (nyuzi za 5 na 10). Pedali B inapandisha G# hadi A (za 3 na 6). Pedali C inapandisha uzi wa 4 hadi F# na wa 5 hadi C#. Kwenye magoti, wenzo wa F unapandisha nyuzi za 4 na 8 kutoka E hadi F, na wenzo wa kushusha E unazipeleka nyuzi hizohizo hadi D#. Wenzo mwingine unashusha uzi wa 2 hadi D na wa 9 hadi C#. Magitaa mengi yana pia wenzo wa kushusha B, unaopeleka uzi wa 5 hadi B flati. Wenzo upi uko goti lipi hutofautiana, kwa hiyo nitautaja kwa kazi yake.

Nianzie wapi kuitafuta?

Uzi wa 9. Bila pedali yoyote, nyuzi za 3, 4, 5, 6, 8 na 10 zinakupa E meja, na uzi wa 9 ni D, ambayo ni ya saba iliyoshushwa ya E. Weka chuma, kile unachokitelezesha juu ya nyuzi, kwenye freti ya 3: kodi ni G, na uzi wa 9 unatoa F. Hiyo ni G7, bila kukanyaga kitu. Jina la mpangilio wenyewe linatokana na hili: ukiongeza F# ya uzi wa 7, una E, G#, B, D, F#, yaani E9.

Usiuchanganye na uzi wa 2. Kwenye freti ya 3 uzi wa 2 ni F#, kwa hiyo ukiupiga umepata meja saba. Ukitaka saba ya kawaida huko juu, ushushe kwa wenzo wake hadi ufikie F.

Nikipiga uzi wa 9 pamoja na wa 8 kunatoka mkoromo. Nakosea wapi?

Hukosei, nyuzi hizo ziko toni moja tu mbali, na huku chini toni moja huwa nzito. Ruka wa 8. Gumba kwenye wa 9, vidole viwili kwenye wa 6 na wa 5. Kwenye freti ya 3 unapata F, B na D. G haimo, na haina haja ya kuwemo kama kuna mpiga besi.

Nikiwa nimekanyaga A na B pamoja, ya saba iko wapi?

Hapa ndipo watu hukwama, kwa sababu haipo. A na B zinakupa kodi ya A kwenye nyuzi wazi (yaani bila chuma), ya saba yake ni G, na hakuna uzi wa G. Kuna njia mbili za kuipata, na zote zinategemea fundi alivyoliunda gitaa lako. Kama una wenzo wa kushusha uzi wa 6 kutoka G# hadi F#, ukiutumia huku pedali B iko chini, vitu hivyo viwili vinavutana na uzi unatua kwenye G. Au kama una wenzo wa kupandisha F# nusu toni, uzi wa 1 unakuwa G. Kwa G7 hiyo ni freti ya 10.

Ushauri wangu ni kwamba usiing'ang'anie sehemu hii. Kodi ya A na B ni tamu ikiwa meja au ikiwa na noti ya sita. Kwa saba kuna mahali pazuri zaidi.

Mahali hapo ni wapi?

Pedali B pamoja na wenzo wa kushusha E. Nyuzi wazi zinakuwa hivi: wa 10 B, wa 8 D#, wa 7 F#, wa 6 A, wa 5 B, wa 4 D#. Hiyo ni B7 kamili, yenye noti zote nne, na nyuzi zake zimepangana vizuri mkononi. Kwa G7 nenda freti ya 8. Ukiongeza pedali A juu ya hayo yote, B ya uzi wa 5 inakuwa C#, na umepata ladha ya B9.

Kama ningeruhusiwa kumwachia mwanafunzi sehemu moja tu ya kodi ya saba, ningemwachia hii.

Wenzo wa F unaingia wapi?

Watu wanaufahamu pamoja na pedali A: A na F zinatoa C# meja kwenye nyuzi wazi, hivyo G iko freti ya 6. Sasa shikilia wenzo wa F na uiachie pedali A polepole. Uzi wa 5 unashuka kutoka mzizi wa kodi (noti inayoipa jina) hadi ya saba, na zinabaki B, D na F: G7 bila G. Msikilizaji anaisikia kodi ikigeuka mbele yake, kitu ambacho piano haiwezi kukifanya. Ukitaka mzizi urudi, shusha uzi wa 9, na kwenye freti ya 6 utatoa G.

Usipoushusha uzi wa 9, wenzo wa F peke yake unakupa kodi ya dimini: F, G#, B, D kwenye nyuzi wazi. Hiyo hujirudia kila baada ya freti tatu, na inaweza kusimama badala ya kodi ya saba pale unapotaka ukali zaidi.

Kwa jumla G7 ina sehemu ngapi?

Ninazozitumia ni sita ndani ya oktavu moja. Freti ya 1 kwa wenzo wa kushusha B (uzi wa 7 ni G, wa 5 ni B, wa 4 au wa 8 ni F). Freti ya 3 wazi, na uzi wa 9. Freti ya 5 kwa nyuzi za 9, 7, 6 na 5, ukikanyaga pedali B, kisha pedali A ikivutana na wenzo wa kushusha B ili uzi wa 5 utue kwenye F. Gitaa liwe limerekebishwa kwa mvutano huo, la sivyo utapata noti isiyo na jina. Freti ya 6 kwa wenzo wa F. Freti ya 8 kwa pedali B na wenzo wa kushusha E. Freti ya 10 kwa A na B pamoja na mojawapo ya nyenzo nilizozitaja. Ukifika freti ya 13 zinaanza upya.

Sita! Nitajuaje ni ipi ya kutumia wakati wimbo unakwenda?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote ni maandalizi. Mimi nilianza kwa kubandika jedwali ukutani. Nikazikariri sehemu zote za kodi zote 12, na siku ya kwanza kupiga na wenzangu nikajikuta nakimbiza chuma kutoka freti ya 3 hadi ya 10 na kurudi, huku kila kodi ikifika imechelewa. Kosa langu lilikuwa kuuliza "D7 iko wapi?" kana kwamba D7 ni mji kwenye ramani. Swali linalofaa ni: nimekaa freti gani sasa hivi, na ni kitu gani hapahapa kinaweza kugeuka kuwa D7?

Chukua freti ya 3, nyumbani kwa G, na usiisogeze chuma hata kidogo. Piga nyuzi za 4, 5 na 6: G, D, B.

Ingiza wenzo wa F. Uzi wa 4 unapanda hadi G#, na nyuzi hizo tatu sasa ni G#, D, B. Hiyo ni E7 bila mzizi.

Uachie wenzo wa F, ingiza wa kushusha B, na badala ya uzi wa 6 piga wa 7. Unapata G, C#, A: hiyo ni A7.

Achia, rudi uzi wa 6, kanyaga pedali B na ingiza wenzo wa kushusha E. F#, D, C: hiyo ni D7.

Achia vyote, uko G.

Umetoka G, ukapita E7, A7 na D7, ukarudi G. Mzunguko huu uko kwenye nyimbo nyingi za zamani za Marekani, na chuma haijahama. Fuatilia uzi wa 4 peke yake: G, G#, G, F#, G. Wa 5 ni D, D, C#, D, D. Kila moja ya sauti hizi mbili imetembea nusu toni au imekaa kimya mahali pake. Ndiyo maana inapendeza sikioni, na ndiyo maana pedali zilibuniwa. Mpiga stili Bud Isaacs aliposikika kwenye rekodi ya mwimbaji wa country Webb Pierce iliyovuma mwaka 1954, kilichowashtua wapigaji wenzake hakikuwa kodi mpya. Ni uzi mmoja kupanda huku mwingine unaendelea kulia.

Bado freti hiyohiyo ina G7 kwenye uzi wa 9, kwa ajili ya kwenda C. Na C iko hapohapo: kanyaga A na B. F ya uzi wa 9 inataka kushuka hadi E, basi ishushe kwa wenzo wake huku pedali B ikipeleka B hadi C. Noti mbili zenye wasiwasi zimefika zilikotaka kwenda, na mguu na goti ndivyo vilivyozipeleka.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Tafuta kwanza kwenye freti uliyopo. Ikiwa kodi imekaa huko kwa muda mrefu, baa (vipimo vya mapigo) mbili au zaidi, hapo unaweza kupanda hadi sehemu nyingine ili kubadilisha rangi: D7 ya freti ya 3 ikahamia freti ya 10 bila pedali, ambako D wazi ipo na uzi wa 9 unatoa C. Kuhama kuwe na sababu ya muziki, kusiwe njia ya kutafuta kilichopotea.

Je, lazima nipige noti zote nne?

Hapana, na mara nyingi isifanyike hivyo. Ya tano ni ya kwanza kuachwa, mzizi unafuata ikiwa besi ipo. Zikibaki ya tatu na ya saba, kodi inatambulika. Kwenye freti ya 8 na pedali B, jaribu nyuzi za 8 na 6 pekee, wenzo wa kushusha E ukiwa ndani: B na F. Noti mbili, na hakuna atakayeuliza ni kodi gani.

Maina saba na meja saba nazipata wapi?

Bila jasho jingi. Kanyaga A na B, piga nyuzi za 7, 6, 5 na 4: kwenye nyuzi wazi ni F#m7, kwenye freti ya 3 ni Am7. Ukiwa ufunguo wa G, hiyo Am7 ndiyo inayotangulia D7, na mguu unachofanya ni kuiachia pedali A wakati goti linaingiza wenzo wa kushusha E. Nyingine: bila pedali, nyuzi za 9 (imeshushwa), 8, 6 na 5 ni C#m7 kwenye nyuzi wazi.

Meja saba ni nyuzi za 8, 6, 5 na 2 bila pedali, Gmaj7 kwenye freti ya 3. Au kanyaga A na B, piga 9, 7, 6 na 5: D, F#, A, C#. Hiyo ni Dmaj7 kwenye nyuzi wazi, hivyo Gmaj7 iko freti ya 5. Hii ya pili ni nzito na nzuri, ipige taratibu.

Gitaa langu ni la mwanafunzi, lina pedali tatu na wenzo mmoja tu. Nimeishiwa?

Hujaishiwa. Uzi wa 9 haudai wenzo. Na pedali B peke yake ina siri huko mbele: nyuzi za 1, 2, 3 na 5 zinatoa F#, D#, A, B, ambayo ni B7 kamili, kwa sababu uzi wa 2 tayari ni D#. G7 ni freti ya 8, kama kawaida yake. Mshiko wake hauzoeleki haraka, kwani uzi wa 4 lazima unyamaze katikati. Uzime kwa ubavu wa mkono au usiuguse kabisa. Anayetajwa kuziongeza nyuzi hizo mbili za mbele ni mpiga stili Buddy Emmons, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na zimekuwa msaada kwa wenye nyenzo chache tangu hapo.

Kodi za wenzo wa F zinasikika kama zimetoka nje ya sauti. Gitaa ni bovu?

Yawezekana ni zima kabisa. Wapigaji wengi huweka noti za tatu chini kidogo ya zinavyoonyeshwa na mashine ya kupimia sauti, ili kodi isitikisike. F ya wenzo ni ya tatu ya C#, kwa hiyo nayo huwekwa chini, na ukipiga sawasawa juu ya mstari wa freti kodi nzima inalala. Isogeze chuma mbele ya mstari kwa upana mdogo mno, sikiliza, simama inapotulia. Mistari ya freti kwenye stili ni michoro, haishiki uzi.

Ya saba nayo ina tabia yake. Ile inayotokea kiasili kwenye mtetemo wa uzi iko chini ya ile ya piano kwa senti kama 31, karibu theluthi ya nusu toni. Ukipiga peke yako utaipenda huko chini. Ukipiga na piano au gitaa la kawaida, iache karibu na yao.

Pedali zangu zimepangwa C, B, A kutoka kushoto. Haya yote yananihusu?

Yote. Huo ni mpangilio wa pedali unaoitwa kwa jina la mpiga stili Jimmy Day, na ule wa A, B, C kutoka kushoto ni wa Emmons. Noti ni zilezile na freti ni zilezile. Kinachobadilika ni mguu unavyoinama kutoka pedali moja hadi nyingine, na goti lipi linafika kwenye wenzo kwa urahisi mguu ukiwa hapo.

Na kwenye C6?

C6, mpangilio mwingine wa nyuzi, ni nyumba nyingine. Kule kodi za saba zimeshapikwa ndani ya pedali, huzitafuti kipande kwa kipande. Kwenye nyuzi wazi, pedali ya 5 inakupa D9 kwenye nyuzi za chini (wa 10 D, wa 9 F#, wa 8 A, wa 7 C, wa 6 E). Pedali ya 6 inashusha uzi wa 6 hadi E flati, na kuanzia uzi wa 9 kwenda juu una F9. Pedali ya 8 inaupeleka uzi wa 10 hadi A ya chini kabisa na kujenga A7, ule muungurumo mzito ambao ukishausikia huusahau. Anza na pedali ya 5 na ya 6, na ile ya 8 iguse ukiwa umepunguza sauti ya spika.